Maharage Hayajaiva

Siku hizi kazini ruhusa ya msiba inapimwa kwa mwendo wa hizi ndege mpya za kasi, na Dar es Salaam hadi Mwanza ni dakika ishirini tu. Mabasi yalishaondolewa barabarani.

Nyamizi alibandika maharage jikoni, akaenda Mwanza kumzika mama yake, akarudi. Maharage yalikuwa bado magumu.

"Pole, Mama Kulwa," mumewe alisema. "Mmezika salama?"

"Tumezika. Zamani ningelia njia nzima ndani ya basi, nifike machozi yamekauka. Leo nimefunga mkanda, nikafungua, nikatupia udongo."

"Basi lia sasa, mke wangu."

Nyamizi alitazama saa, akavaa sare ya kazi. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha.

"Yaongezee maji," alisema. "Nitalia nikirudi."