Masizi ya Jiko la Bibi

Daktari alipitisha kamera nyembamba hadi ndani ya mapafu ya Shija, akayasafisha, kisha mashine ikapima masizi yaliyotoka na kutambua chanzo chake. Yalikuwa ya jiko la Bibi Kalunde, aliyemlea tangu azaliwe huku akikaanga maandazi ya kuuza.

Sheria ilikuwa wazi: aliyemchafulia mtoto mapafu haruhusiwi kuishi naye tena.

"Mama, nitasema jiko ni langu," Nyamizi, mama mzazi wa Shija, alimnong'oneza Bibi.

"Halafu nani atamlea? Wewe ndiye uliyemzaa, mwanangu."

Bibi akafungasha nguo zake, akaondoka kabla mjukuu hajazinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa.

Shija aliporudi nyumbani, kwa mara ya kwanza alikuwa na pumzi ya kutosha kupaza sauti. Akaitumia kumwita bibi, chumba hadi chumba.