Tumbo la Jenerali

Siku ya tisa, fundi saa alipiga magoti uani, lenzi ya kazini jichoni, akakikagua kinyesi cha mbwa kama mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka.

"Uji," akatangaza, kisha akaandika kwenye daftari: *Siku ya 9. Uji. Makamasi kidogo.*

"Na uji mwingine uko kwenye mkeka wangu," mama mkwe akadakia kutoka dirisha la jikoni. "Huo mbona huuandiki?"

Tangu mke wa fundi afariki, nyumba ile ilibaki na watatu: fundi, mama mkwe, na Jenerali, mbwa wa miaka kumi mwenye masharubu meupe. Jenerali alikuwa akijikuna mpaka manyoya yanang'oka. Fundi akasoma kwenye simu kwamba dawa ni nyama mbichi. Basi. Mtu aliyerekebisha saa za watu miaka arobaini atashindwaje na tumbo la mbwa? Akaufuata utaratibu: robo nyama, robo tatu chakula cha zamani, halafu nusu kwa nusu, halafu nyama tupu. Kwenye robo, tumbo lilinguruma. Kwenye nusu, lilikoroma. Kwenye nyama tupu, lilifunguka kama bomba.

"Tumbo linazoea, mama. Ni kawaida."

"Likazoee kwingine. Sikiliza, baba: nakupa mpaka Jumamosi. Asipopata choo cha kueleweka, anakwenda kwa kaka yako akalinde ghala."

Kule ghalani mbwa hushinda kwenye mnyororo, jua lake, mvua yake. Fundi akafunga daftari. Akampigia simu daktari wa mifugo, naye hakumpa moyo. "Mzee, si kila mbwa anaiweza nyama mbichi, na huyo wako ni babu. Jumamosi nitapita nimwone."

Fundi akakaza buti. Alipima nyama kwa mizani ndogo ya kazini, kipande kwa kipande, mpaka kidole kikafa ganzi. Alisugua bakuli kwa maji ya moto. Na kwa kuwa maelekezo yalisema mbwa aachwe ale kwa utulivu, asikodolewe macho, kila asubuhi aliweka bakuli kwenye kibaraza cha jikoni, akatoka hadi getini, akasimama na saa mkononi dakika ishirini. Si kumi na tisa.

"Dakika ishirini hazitoshi," mama mkwe akasema siku ya kumi, ghafla tu, akikunja nguo. "Mbwa mwenyewe meno ya kuhesabu. Mpe arobaini."

Fundi akamtazama kwa jicho la pembeni. Aliyetaka mbwa aondoke, leo anayahurumia meno yake?

"Unapanga nini, mama?"

"Kupata dakika arobaini bila wewe kunizunguka jikoni."

Hilo lilimwingia akilini. Akatoa arobaini.

Siku ya kumi na moja, kinyesi kikashika umbo. Ya kumi na mbili, kikasimama imara. Ya kumi na tatu, fundi akakipiga picha, akaituma kwa kaka yake bila maelezo yoyote. Kaka mtu akapiga simu kuuliza kama hayo ni matusi au vitisho.

Vikero havikukosekana. Mtungi wa gesi uliisha kabla ya siku zake, fundi akaenda kugombana na muuza gesi. Halafu kila akirudi kutoka getini alikuta madirisha yote ya jikoni wazi, baridi inapuliza.

"Harufu ya mbwa wako," mama mkwe alisema.

Jumamosi daktari akaja. Fundi akamwekea mezani daftari, mchoro wa maendeleo wenye rangi tatu, na kopo la biskuti ambalo daktari alilifungua akitarajia biskuti. Alipopata pumzi, akambonyeza Jenerali tumbo, akamfunua ufizi, akamwangalia ngozi.

"Mzee, nimesalimu amri. Tumbo kama la mbwa wa miaka miwili! Kuanzia Jumatatu wateja wangu wote nitawahamishia kwenye nyama mbichi."

Fundi akamgeukia mama mkwe, aliyesimama mlangoni pa jikoni, mikono kifuani.

"Umesikia, mama? Habari ya ghala imekwisha."

"Nimesikia, baba. Umenishinda."

Ushindi ukampanda fundi kichwani. "Daktari, ngoja kwanza umwone anavyoishambulia!" Akapima nyama, akaitia bakulini, akaiweka kibarazani, na kwa mara ya kwanza hakwenda getini.

Jenerali akainusa nyama. Akaling'ata bakuli ukingoni, akalibeba taratibu, akawapita wote hadi jikoni, akalitua miguuni pa mama mkwe, kisha akaketi kulielekea jiko, akasubiri.