Mgeni Kutoka Lincoln

"Gonga, Dwight! Huo msumari hauumi!"

"Msumari hauumi, Bi Orpha. Mgongo ndio unauma. Nina miaka sabini na sita."

"Basi ugua Ijumaa. Mgeni anakuja Alhamisi."

Mgeni alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale, kutoka Lincoln, mji mkuu wa jimbo. Akiiingiza shule yao ya mwaka 1884 kwenye orodha ya kumbukumbu za jimbo, itapona. Asipoiingiza, Jumatatu tingatinga la kaunti litaisawazisha. Madiwani walishapiga kura, wakaenda kula.

Kaunti ya Brandvold ilikuwa inakata roho taratibu. Reli iling'olewa, benki ikafunga, vijana wakahamia Omaha. Chama cha historia kilibakiwa na wanachama watatu, na mmoja wao, Lavonne, alihudhuria vikao akikoroma. Katika yote waliyoyajenga wale waliofika kwanza na magari ya farasi, kilichosalia ni hicho chumba kimoja tu cha shule. Mama yake Orpha alifundisha humo. Orpha mwenyewe alijifunzia kusoma humo.

"Hatutamkaribisha mtu kwenye banda," alikuwa amesema siku ya kwanza ya kazi, na hakuna aliyebisha.

Wakafanya kazi majira yote ya joto. Mbao zilizoliwa na mchwa ziling'olewa moja baada ya nyingine. Lavonne akazitia moto uani, akachoma soseji. Madirisha yaliyopitisha upepo tangu enzi za babu yakapisha ya plastiki, yasiyodai rangi. Sakafu iliyobonyea kwa viatu vya watoto ikawekwa mpya. Dwight aliuza trekta lake la mwisho, paa likapatikana.

Jumatano jioni walipiga msumari wa mwisho. Lavonne alikuwa macho.

"Tumewahi," alisema Dwight, akakaa chini palepale kwenye majani. Orpha alilia kidogo, akamkaripia kwa kuchafua suruali.

Alhamisi mkaguzi akashuka garini: mwanamke kijana, mpole, daftari mkononi. Orpha alimngoja mlangoni amevaa gauni la kanisani, amebeba pai ya tufaha kwa mikono miwili. Mkaguzi alizunguka jengo mara moja. Akagusa ukuta. Akachungulia ndani, akatoka akitabasamu.

"Mmejenga vizuri kweli, mama," alisema. "Haya, sasa nipelekeni kwenye ile ya zamani."