Majivu ya Jedida

Siafu hawapigi hodi. Mvua ya masika ilipojaza mashimo yao, walitoka ardhini wakashika njia ya ukutani hadi chini ya mlango wa Jedida, pale Shella, Malindi. Wenye miguu huwapisha nyumba, kisha hurudi wakakuta hata mende hayuko. Lakini Simeon, mumewe, hakuwa na miguu ya kumpisha mtu.

Basi Jedida, mgongo ukimwuma, alikivuta kitanda hadi katikati ya chumba, mume akiwa amelala humo. Akamwaga majivu ya jikoni pande zote, mapana kama mkeka. Siafu wakigusa majivu hugeuka wakarudi walikotoka. Alimwambia asiogope, akamfungulia redio pale dirishani, akaenda kufua mashuka ya hoteli.

Hii ilikuwa masika ya tatu tangu Simeon aanguke kutoka kwenye paa la makuti alilokuwa akiliezeka, akapooza miguu. Tangu hapo Jedida alimlisha, akambeba mgongoni hadi chooni, na kila jioni akamwosha miguu: wa kulia mzima, wa kushoto uliokatwa kidole kidogo na jembe utotoni, kwao Machakos. Kuuguza mtu mzima si kulea mtoto, mtoto hukua. Bi Kaltuma, mwenye nyumba, alistaajabu kuwa mgonjwa hana hata kidonda kimoja cha mgongoni. Simeon akasema ni mikono ya mke wake hiyo. Jedida, maskini, alilia kwa furaha siku ile.

Mwezi uliopita mama yake Jedida aliugua huko Machakos, akaomba amwone bintiye. Jedida alijibu kwamba hawezi. Nani angembeba Simeon?

Adhuhuri ile Kioko, dereva wa lori kutoka kwao, alimfuata kwenye kamba za kuanikia. Mama alikuwa amezikwa Jumamosi. Hadi mwisho aliuliza kama basi la pwani limefika.

Jedida alirudi nyumbani akijikokota. Siafu walikuwa wamekwisha kupita, chumba kimetulia. Redio nayo ilikuwa kimya.

"Betri zimekwisha," Simeon alisema kutoka kitandani.

Jedida hakujali redio. Alisimama palepale mlangoni, akamweleza habari ya mama yake, machozi yenyewe yakakataa kutoka kwa uchovu.

Simeon alifumba macho. "Pole, Jedida. Ningekuwa na miguu, ungekwenda kumuuguza mama."

Jedida aliitikia kwa kichwa, akachukua ufagio, akainama kuyazoa majivu. Hakuna siafu hata mmoja aliyevuka. Ila majivuni palikuwa na wayo wa kushoto wenye vidole vinne, ukielekea dirishani. Na kando yake wayo mwingine wenye vidole vinne, ukirudi kitandani.