Nakala Yangu Imeisifia Hoteli ya Tatu

Siku hizi hakuna anayelipia hoteli ya ufukweni kabla ya kutuma nakala yake. Inakwenda na sauti yako na tabia zako, inaishi likizo yako yote kabla yako, kisha inakupigia simu kukueleza kama panafaa.

Mimi na mume wangu, Baba Lusajo, tulituma zetu hoteli tatu za kisiwani. Mbili za kwanza yangu ilizichambua bila huruma, kama ningefanya mwenyewe: supu ya pweza ya jana, shuka zenye unyevu. Ilipofika ya tatu, ikasita.

"Pazuri," ikasema. "Utapumzika. Kweli tena."

Nikapunguza moto wa maharage.

"Baba Lusajo naye alifurahi?"

"Sana. Kweli tena."

"Na mlirudi wote wawili?"

"Maswali gani hayo? Wewe nenda ukapumzike!" Ikakata simu.

Mimi sisemi "kweli tena" ovyo. Mara ya mwisho nilisema hivyo wodini, nikimwambia mama kwamba atapona; hakumaliza wiki.

Baba Lusajo akaingia, simu mkononi. Akavua viatu taratibu, akaanza kuvipanga ukutani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu anioe.

"Ya kwangu imeisifia ile ya tatu," akasema bila kunitazama. "Ya kwako je?"

"Na yangu pia. Pazuri," nikamjibu. "Kweli tena."

Kiatu kikamponyoka. Siku ile wodini, yeye ndiye aliyekuwa amesimama nyuma yangu.