Mlenda wa Mwisho

Bartolomayo alikuwa amelishika fundo la kifuko, hajaamua.

Ndani mlikuwa na mlenda mkavu, wa mwisho kutwangwa na mkewe aliyezikwa mwaka jana hapo Mkonze. Fundo alilifunga mwenyewe marehemu, kwa kipande cha kanga, likakaza kama ngumi ya mtoto mchanga. Tangu msiba, hakuna aliyeligusa.

Lakini bawasiri ilikuwa imemchosha mzee wa watu. Ugali na nyama ya kuchoma kila siku, choo kigumu, damu. Hata kanisani siku hizi alisali amesimama ibada nzima.

"Babu, kunywa maji mengi, na usijikakamue chooni," nesi wa zahanati alimwambia asubuhi ile. "Kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Na ule mlenda, ule utelezi wake utalainisha choo. Mgogo gani wewe usiyekula mlenda?"

Angemjibu nini? Kwamba mlenda upo, ila huo ukiisha ndiyo basi?

Maumivu yakamchoma tena. Akainama, akalifungua fundo kwa meno. Unga wa majani ukamgusa ulimi.

Baadaye, sufuria ikitokota jikoni, alikuwa amekaa ndani ya beseni, shuka kiunoni, kile kipande cha kanga mkononi. Maumivu yalianza kulegea. Jirani akapita nje ya dirisha.

"Shikamoo, babu. Leo kwako kunanukia mlenda. Nani kaja kukupikia?"

"Marahaba." Akakikunja kile kipande cha kanga. "Bibi yako."