Baiskeli ya Fundi Cherehani

Magoti yalikuwa yanamgonga kidevu. Kiti cha baiskeli kilikuwa chini mno, spana hakuwa nayo, na mji wenyewe, jamani, nani aliujenga juu ya vilima? Ukimaliza mlima huu, mwingine unakungoja.

Mlingoti, kama wenzake walivyomwita kwa urefu wake, alikuwa na safari moja tu asubuhi hiyo: kuifikisha baiskeli kwa muuza vipuri, ng'ambo ya kilima cha mwisho. "Lete kabla ya adhuhuri," muuza vipuri alikuwa amemwambia. "Nikishafunga, nimefunga." Tangu afukuzwe kiwandani, Mlingoti hakuwa amepata hata kibarua. Hiki hakutaka kimponyoke.

Kilima cha kwanza kilimshusha. Akawa anasukuma, kengele inalia yenyewe kwa kila jiwe, mara mama mmoja akachomoka mlangoni.

"Kengele hiyo naijua! Si baiskeli ya fundi cherehani? Goti lake bado tu?"

"Bado," alisema Mlingoti.

"Maskini. Ndiyo maana amekutuma wewe." Mkono wake ulishazama kwenye kikapu cha baiskeli kilichojaa nguo, ukaibuka na gauni la bluu. "Langu hili. Hilo la kijani ni la jirani yangu, pale juu. Mpelekee, baba, anamwoza binti yake kesho na usingizi umempaa."

Mlingoti alitaka kusema ana haraka. Lakini ukisukuma baiskeli mlimani hata kuku anakupita, utamkimbia nani? Akapeleka.

Jirani alilifunua gauni akaruka kama msichana. Alimpa maji ya baridi, akamwita mwanangu, akamwonyesha kwa kinyozi, ambaye suruali yake ilikuwa mle mle kikapuni. Kinyozi naye akamwelekeza kwa mwalimu. Njia zilipanda, zikateremka, zikapenya vichochoro ambavyo Mlingoti, mzaliwa wa mji huo huo, hakuwahi kuvitia machoni: ngazi zilizopangwa vyungu vya maua, na kona moja ambapo mapaa yote ya mji yanaonekana chini. Aliposimama pale kupumua, alijikuta anacheka peke yake. Ilikuwa muda mrefu hakuna mtu aliyefurahi kumwona akija. Kuanzia hapo kengele alikuwa anaipiga mwenyewe.

Adhuhuri ilikuwa inabisha hodi alipofika duka la dawa, ambako alishusha kanzu ya mwisho. Kikapu kitupu, kilima kimoja tu kimebaki.

"Bado nawahi," alijisemea.

"Unawahi wapi?" Mwenye duka, mama wa miraba minne, alishatoka na chupa mkononi. "Dawa ya goti la fundi hii. Twende wote, nikamsugue mwenyewe, maana yule ni mkaidi."

"Mama, mimi naelekea kule ju..."

Mama alishajipakia kwenye keria, akamkamata kiuno barabara. Kwa uzito ule, kupanda ilikuwa ndoto. Baiskeli ilijigeuza yenyewe ikashika mteremko.

"Polepole, wewe! Funga breki!"

"Nimefunga, mama! Ndiyo hizi!"

Walipita kwa kinyozi, wakapita kwa jirani, watu wanawapungia mikono, mpaka wakakwama kwenye kizingiti cha fundi cherehani wakiwa vumbi tupu. Mlingoti alishuka. Hakuthubutu kuinua macho.

Fundi, mama kizee mfupi, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mguu umepumzishwa juu ya stuli. Alingoja mwenye duka aingie chumba cha ndani kutafuta kitambaa. Akachungulia kikapu kitupu, akamtazama Mlingoti, halafu akafungua droo ya cherehani.

"Chukua spana hii, mwanangu, uinue kiti," alisema. "Na kesho ukija kuiiba, uje mapema kidogo. Mzigo ni mwingi."